Swichi ya Maikrofoni ya Mama Spès

Kanyange, ambaye sisi wa Gikondo tunamwita Mama Spès, hajui kupika. Nasema mapema ili msije mkanilaumu. Maharage yake yanaweza kuvunja jino la mbuzi. Lakini mpe redio iliyokufa miaka mitatu: ataifungua, ataitukana kidogo, na kabla cherehani yangu haijamaliza pindo la gauni utasikia matangazo ya vifo yanasomwa.

Ufundi alifundishwa na marehemu mumewe, Habimana, katika chumba chenye mlango wa bluu, jirani na changu. Habimana alimwachia bisibisi, chuma cha kulehemu, maikrofoni moja ya kizamani, na shemeji. Bisibisi na chuma vilikuwa na faida. Shemeji, Nsabimana, alikuwa na wazo moja tu kichwani: chumba kile kina baridi, kiko kando ya barabara, kingefaa sana kuwa baa. Chumba ni cha ukoo, na ukoo unamsikiliza yeye.

"Shemeji, mwanamke na waya wapi na wapi? Nenda sokoni Nyabugogo uuze nguo."

"Wauza nguo Nyabugogo wamejaa, shemeji. Wa waya niko peke yangu."

Mwaka 1991 binti yake Nsabimana alikuwa anaposwa. Akamkodi Mugenzi, kijana aliyerudi na mashine mpya ya sauti kutoka Dubai, taa zake nyekundu na kijani kama mapambo ya Noeli. Lakini msemaji wa familia alikuwa mzee Bayingana, na nyinyi mnajua siku ya kuposa: wasemaji wa pande mbili wanachokozana kwa maneno saa nzima kabla msichana hajaonekana. Msemaji wenu akishindwa kusikika, mmeshindwa. Mugenzi akampa mzee maikrofoni yake mpya, nyembamba.

"Hii?" mzee akauliza. "Niseme mbele ya wakwe kama mtu anayelamba aisikrimu? Nataka ile ya Habimana."

Ile ya Habimana ilikuwa chuma kitupu, kubwa kama ngumi ya bondia. Mzee alikuwa amesema nayo miaka ishirini. Mugenzi akacheka.

"Hiyo haiwezi kuongea na mashine yangu, mzee. Hawasikilizani."

"Watasikilizana," akasema Mama Spès, ambaye hakuulizwa.

Nsabimana akaona mlango umefunguka. "Basi shemeji, mbele ya hawa wote: ikisikika Jumamosi, chumba ni chako, sitakitaja tena. Ikinyamaza, Jumatatu naleta mapipa ya urwagwa, pombe ya ndizi, nafungua baa."

"Yalete hata kesho, shemeji. Tutakunywa."

Alhamisi wakajaribu. Alichomeka maikrofoni moja kwa moja kwenye mashine. Ikatoa sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mugenzi akashika mbavu. Mama Spès akarudi karakanani kwake akanieleza huku anafukua maboksi: maikrofoni za zamani sauti yao iko juu lakini haina pumzi, na mashine mpya zinavuta kwa pupa, zinainyonya yote kabla haijasemwa. Katikati panahitajika mshenga. Mshenga ni transfoma ndogo. Aliitoa ndani ya mashine ya zamani ya kanisa iliyokwisha kufa, akaifunga kinyume, mkia mbele.

Ijumaa asubuhi akaiweka pale kwenye mashine ya Mugenzi. Sauti ya mzee ikaja, sikatai, lakini kama ya mtu anayesema ndani ya blanketi, na mngurumo chini yake.

"Mama Spès, huyu mzee amemeza sufuria?" akauliza Mugenzi.

Nilimwona Mama Spès anakodoa macho kwenye waya, mita ishirini kutoka kiti cha mzee hadi mashine. Halafu akajipiga paji la uso.

"Mjinga mimi! Maikrofoni hana pumzi, na nimemtembeza njia yote kwa miguu, mshenga namweka mwishoni!"

Akahamisha transfoma, akaifunga kwenye mguu wa maikrofoni kwa kitambaa nilichompa mimi, ili mshenga amkute mwenye maneno mlangoni na amsindikize safari nzima. Swichi ya maikrofoni ilikuwa imeoza kwa kutu. Akairuka, akaunganisha waya moja kwa moja bila kuipitia. Hilo hakumwambia mtu.

Jumamosi turubai limejaa. Wakwe wameketi, msemaji wao Kabera amekwisha salimu. Kabla ya kujibu, mzee Bayingana aliweka maikrofoni mapajani akasukuma swichi chini, tak, kama alivyozoea. Nsabimana akaiona imezimwa. Akainama kumnong'oneza.

Spika zote mbili zikanguruma kwa sauti safi, kila herufi na mahali pake:

"Mzee, ongea chini chini, labda isisikike. Mapipa nimekwisha kuyaleta, yako kwa jirani Sangwa. Yule mwanamke Jumatatu anahama."

Mugenzi alitazama taa zake kana kwamba ni zenyewe zimesema.

Kabera akasimama taratibu. "Baba wa binti, tumekusikia vizuri sana. Tulikuja kuomba msichana. Sasa tunaomba na hayo mapipa."

Bayingana, mzee wa kazi, hakutikisika. "Wakwe, mmefunuliwa siri ya zawadi yetu. Mwenye nyumba aliyaweka kwa Sangwa ili awashangaze. Vijana, kayaleteni!"

Mapipa manne. Yakanywewa yote, na Mama Spès akapewa kikombe cha kwanza na Nsabimana mwenyewe.

"Shemeji, lakini swichi ilikuwa imezimwa. Niliona!"

"Uliniuliza kuhusu sauti, shemeji. Kuhusu swichi hukuniuliza."

Chumba kiko vilevile, mlango wa bluu. Siku hizi Nsabimana analeta redio yake itengenezwe. Anaingia, anatazama ile maikrofoni mezani, anaziba mdomo kwa kiganja, na kwa kidole anauliza: inasikia?

"Sema tu, shemeji," Mama Spès anamjibu bila kuinua macho. "Imezimwa."

Mpaka leo, akiwa humo, anatuandikia maneno yake kwenye karatasi.