Beberu wa Ntheo Aliyefungwa Kiunoni

Cheka tu, siku hizi hata mimi nacheka, lakini mwaka ule nilitembea mtaa wetu wote wa Jericho nikiangalia vidole vya miguu yangu kwa aibu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mtaa wote ulijua kichwa changu hakitulii: nikitumwa chumvi narudi na habari za harusi ya watu, chumvi sina. Sasa wakwe wakaja kumposa dada yangu Mumbua, wakaleta mbuzi wa ntheo (kwetu Wakamba, bila mbuzi hao msichana hata azae bado hajaolewa), wengine wakafungiwa bafuni, beberu mmoja akakosa nafasi, akahitaji mtu wa kumshika nje. Mwaitu, yaani mama, alisema mimi nitamsahau kabla chai haijamiminwa. Dada ndiye aliyenitetea, na macho yake yaliniomba nisimharibie ndoa.

Nami nilikijua kichwa changu. Nikajifunga kamba ya beberu kiunoni, fundo juu ya fundo, ili nikimsahau beberu, yeye asinisahau. Nikajipongeza sana. Shida ni kwamba nyuma ya nyumba wavulana walikuwa wanacheza mpira na hawakuwa na kipa. (Kipa hakimbii, nikajiambia, mbuzi atamzuia nini?)

Mpira ulipokuja nikaruka huku, beberu akaruka kule, akanikokota kwa tumbo matopeni, tukapita kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, tukabeba shuka na petikoti, na kwa kuwa mlango wetu ulikuwa wazi, tukaingia hadi sebuleni, yeye mbele na petikoti kwenye pembe, mimi nyuma kama gunia, chai yote ikamwagikia miguu ya wakwe.

Dada akaanza kulia. Baba wa mchumba wake, mzee ambaye hakuwa amecheka tangu aingie, akainama akalivuta lile fundo, akauliza nani amenifunga. Nikasema ni mimi mwenyewe, kwa sababu huwa nasahau.

“Mimi nikiwa mdogo kama huyu, mbuzi wa babangu nilimsahau nikampoteza kabisa,” akamwambia mama. “Huyu wako akili inakuja. Mbuzi amefika, tuendelee.”

Dada akaolewa! Miaka mingi baadaye daktari alinitajia jina la kichwa changu, ADHD, akanieleza kwamba kwa wengi wetu uwezo wa kupanga na kukumbuka huchelewa, ila hukua. Wangu umekua: leo ghala zima la dawa liko mikononi mwangu, na nalijua rafu kwa rafu. Lakini kudaka mpira wakati wakwe wako sebuleni, hapo sirudii.