Niliiacha Treni Siku ya Dote ya Mdogo Wangu, Sasa Anamlaumu Mumewe

Admin, nifichie jina kabisa, maana nusu ya watu wa kanisani kwetu wanasoma hapa. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Bukavu, fundi cherehani hapa Malvern, Johannesburg. Sina mume wala mtoto. Nina mdogo wangu mmoja tu, nimwite Furaha. Wazazi wetu walipofariki yeye alikuwa na miaka sita na mimi ishirini. Nilimlea, nikaja naye huku, nikamsomesha kwa cherehani hii hii mpaka akapata nafasi ya masomo Ubelgiji. Kulikuwa na mwanaume aliyenisubiri miaka minne, kila mara namwambia ngoja kwanza mtoto amalize shule. Akachoka, akaoa kwingine. Simlaumu.

Mwaka 2018 Furaha akapata mchumba huko huko, Mkongomani mwenzetu. Dote, yaani sherehe ya mahari, ikapangwa siku ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, kwa sababu siku hiyo hakuna anayeenda kazini. Kwetu dote haiendi mpaka mzazi wa binti akae kwenye kiti chake, apokee kitenge cha mama, aseme tumekubali. Mzazi ni mimi. Visa niliihangaikia miezi mitatu.

Wiki moja kabla ya safari Furaha alinipigia kuhusu nguo. Akasema, "Yaya, wewe utavaa kitenge ya wamama. Ile ya wadada ni ya wale wasichana." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nikajibu sawa. Nikashona ile ya wamama, lakini iliniuma, siwafichi. Sijawahi kuwa bibi harusi hata siku moja, na tayari nimeshahamishiwa kwa wamama.

Tiketi ya ndege iliyokuwa nafuu ilinishusha Ujerumani asubuhi. Shemeji alitaka kuja kunichukua kwa gari, nikamkatalia, asije akachoka siku yake. Nilimwambia nitapanda treni, sikukuu usafiri si unakuwa mwingi? Hapa Joburg wakati wa Pasaka mabasi yanaongezwa pale Park Station mpaka hayana pa kusimama. Sikujua kwamba kule sikukuu ni kinyume, hata dereva wa treni yuko nyumbani anakula na wanawe.

Nilibadilisha treni mara moja, salama. Mara ya pili nikajikuta kwenye stesheni ndogo ya mpakani, saa sita mchana, na treni niliyoandikiwa haikuwepo. Dirisha la tiketi limefungwa, duka limefungwa, choo kimefungwa. Mzee mmoja mwenye mbwa akanionyesha kwenye ratiba kialama kidogo: haifanyi kazi siku za sikukuu. Inayofuata ilikuwa saa nane. Nikahesabu, safari ni saa moja, na sherehe yenyewe ni saa tisa, tena sherehe ya Wakongomani. Nilikuwa bado ninawahi.

Saa saba Shemeji akapiga simu, akauliza atume gari. Nikamwambia asijisumbue, treni inakuja.

Na kweli ilikuja. Saa nane kamili. Milango ikafunguka mbele yangu, nikasimama, nikashika begi. Kisha nikakaa tena. Jamani, sikuwa mgonjwa na sikupotea. Nilichoka. Nilifikiria kile kiti, maneno ya kusema, watu wa kusalimia, tabasamu la kutwa nzima, na mwili ukagoma. Milango ikafungwa, treni ikaondoka. Nikavua viatu, nikakaa kwenye lile benchi saa mbili bila kufanya chochote kwa ajili ya mtu yeyote, na nilisikia raha ambayo naona aibu kuitaja.

Nilifika saa kumi na moja. Walikuwa wamenisubiri hadi saa kumi, kisha mama mmoja wa kanisani kwao, asiyejua hata jina la baba yetu, akakalishwa kwenye kiti changu akakubali. Furaha alinikumbatia akilia. Nikamwambia ya saa nane haikuja kwa sababu ya sikukuu. Wote wakaamini, wakaniletea chakula.

Nilidhani yameishia pale, kumbe ndiyo yalianza. Furaha hakumsamehe mume wake. Kila wakigombana anarudi pale pale, kwamba ni mtu aliyemwacha mama wa mke wake, yaani mimi, stesheni na gari lipo nje limepaki. Mwaka umepita, ana mimba ya miezi mitano, na wanalala vyumba tofauti. Yule kijana hajawahi kumwambia kwamba gari nililikataa mimi, tena mara mbili.

Wiki iliyopita akanipigia yeye mwenyewe. Alinisalimia kwa heshima kama kawaida, akaniuliza cherehani, akaniuliza mgongo. Halafu akasema polepole, "Yaya, ile treni ya saa nane ilikuja, kaka yangu alikuwa mule ndani. Mimi sitasema. Sitakuaibisha mbele ya mtoto yako." Akanitakia usiku mwema, akakata.

Juzi Furaha naye kapiga. Ameamua kuondoka kwa mumewe. Tiketi ameshakata, anakuja kuzalia kwangu hapa Malvern, anasema mtu pekee ambaye hajawahi kumwangusha ni mimi. Anafika mwisho wa mwezi.

Nikimwambia ukweli, atabaki na mumewe, lakini mimi sitakuwa na mtu duniani. Nikinyamaza, naanza kulea upya, na safari hii kijana wa watu ndiye atakayelipia uchovu wangu. Mlio na wadogo mliowalea, mlio na dada waliowalea, niambieni nifanyeje. Furaha hunipigia kila Jumapili, na simu hiyo inakaribia.