Lifti Isiyopandisha Wanaume

Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na nimo kwenye majaribio, ilikuwa kufunga kisoma kadi kwenye lifti ya jengo la kumbi pale Darajani. Mwenye jengo, Mzee Haji, alitaka jambo moja tu: mwanamme asifike ghorofa ya nne, kwenye ukumbi wa harusi wa wanawake; kadi za huko wapewe wanawake tu.

Mimi nikawaza kupita kiasi. Je, umeme ukikatika, bibi wa watu akabaki ndani? Nikaupanga mtambo hivi: umeme ukirudi, lifti ipande yenyewe hadi ya nne, bila kadi, na ifungue mlango.

Jana, harusi ya kwanza, Mzee Haji akataka kuikagua. Tukaingia, nikabonyeza ya pili. Taa zikazima, zikarudi. Lifti ikaipita ya pili.

"Mbona haisimami?"

Nikaibonyeza tena ya pili, haikusikia. Mlango ukafunguka. Wanawake wameshavua mabuibui, nywele wazi, wanacheza.

"Wanaume! Wanaume hao!"

Kanga zikaruka. Mzee Haji kafumba macho, kaning'ang'ania shati.

"Kijana, hapa ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne, Haji!" ikajibu sauti ya mkewe kutoka ukumbini. "Na huyo uliyekuja naye ni nani?"