Gauni la Idi la Nasra

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya themanini, Mkuu wa Idara ya Eksirei katika hospitali yetu ya mjini Unguja alinikuta nimekunja uso mbele ya picha ya kifua, mgonjwa mwenyewe ananitazama. Akaniita pembeni.

"Binti, kazi yako kupiga picha. Majibu anatoa daktari. Mdomo uufunge, na uso pia."

"Naam, Mkuu."

Mdomo niliuweza. Uso, lahaula, ulinishinda mpaka nastaafu.

Miaka ya elfu mbili nilipelekwa Dar es Salaam kujifunza MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Kwetu haikuwapo. Nikarudi mtaani kwetu Mlandege, Unguja, kifua mbele, ati bingwa, na mtaa mzima ukajua.

Ndipo akaja jirani yangu Zuhura na bahasha kubwa. Mwanawe Nasra, wa miaka sita, alikuwa na uvimbe wa mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na MRI alikwenda kupigiwa Dar. Daktari wetu wa kusoma picha alikuwa safarini kwa wiki mbili.

"Shikamoo, Bi Raya. Nitazamie tu. Silali mie."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Nilipaswa kukataa. Nikainua picha moja dirishani, uvimbe ukang'aa mweupe pee. Nilifundishwa kuwa seli za saratani hubanana, maji yakakosa njia ya kupita, na picha ya aina ile ikang'aa. Mdomo niliufunga, uso ukanikunjika. Zuhura alinitazama usoni, akakusanya picha zake, akaondoka.

Daktari aliporudi, nilimkuta Nasra kwenye benchi la idara yetu, kavaa gauni jekundu la kumeremeta, mikono ina hina. Idi ilikuwa bado miezi minne.

"Umependeza! Kuna harusi?"

"Mama kasema nvae Idi yangu sasa hivi."

Zuhura akageukia ukutani. Nikakimbilia kwa daktari.

Ndani, daktari aliweka picha mbili pamoja. "Bi Raya, hii ya pili uliitazama?"

Ilikuwa ramani ya mwendo wa maji. Sikuitazama.

"Uvimbe wenye maji mengi nao hung'aa kwenye ile ya kwanza. Seli zingebanana, kwenye ramani pangekuwa peusi. Hapa peupe, maji yanapita. Naona si saratani. Tutaukata, maabara ithibitishe."

"Daktari, nshamtia mama wa watu msibani."

"Basi kamwite, na usitoke nikimweleza."

Maabara ilithibitisha. Zuhura hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa vijana wa idara hunijia nyumbani kuuliza habari za kazi. Huwaambia wasisome picha moja peke yake, na bahasha za majirani wazirudishe hospitali. Idi ile ya kwenye benchi siwasimulii, kwani sijaweza kuimaliza bila ya machozi.

Idi yenyewe ilipofika, Nasra alikuja kunipa mkono na gauni lile lile, limeshapauka kwa kufuliwa.

"Hukumshonea jengine?" nikamuuliza mama yake.

"Hili nlimshonea nkijua ndilo la mwisho, Bi Raya," akasema. "Sasa namtaka alivae mpaka limbane."