Siku Nilipoinua Pikapu ya Baba

Kwa nini Baba aliiacha pikapu yake chini, ikikwaruza tumbo kila tukienda shamba la korosho Mbekenyera? Niliamua ni woga tu wa mambo mapya. Aliposafiri, niliipiga jeki uani kwetu Nachingwea, nikafunga springi ndefu mwenyewe ili ikae juu, nikajipiga na picha.

Kesho yake nilitaka kumpeleka Bibi kliniki. Alijaribu kupanda mara tatu, magoti yakagoma.

“Mjukuu wangu, hili gari au mkorosho?”

Majirani walicheka. Nikawaomba wanisaidie. Tulimbeba kama gunia, naye kajifunika uso kwa kanga.

Baadaye sana fundi wa pikapu hiyo aliniambia: Baba aliwahi kuiinua, akaishusha wiki ileile Bibi alipohamia kwetu.