Wino Usioyeyuka

Fomu ya kujiunga na chuo ilitakiwa irudishwe mezani kabla ya saa kumi jioni. Ilipogonga saa nane, Hadubini alikuwa bado ameikunja ndani ya daftari lake, ameikumbatia kifuani kama mtu anayeficha barua ya mchumba. Akiitia saini, nafasi ya kusoma shahada ya baiolojia ingekuwa yake. Asipoitia, angeitwa aliyemfuata kwenye orodha, naye angerudi kuosha vioo vya maabara katika shule ya wasichana, kazi aliyoifanya kwa miaka sita.

Jina la Hadubini alipewa na wanafunzi wa shule hiyo, kwa sababu akikitazama kitu kwa makini hufumba jicho moja, hata kikiwa saa ya ukutani. Mama yake hakulipenda hata kidogo. "Nilikuzaa na macho mawili," alizoea kumwambia. "Yatumie yote."

Mama huyo alikuwa mjane, mwalimu wa lugha aliyestaafu, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Mwalimu. Siku hiyo ya chuo kupokea wageni hakukubali kubaki nyumbani. Alivaa gauni lake la zambarau, akashika mkoba wenye kitambaa, kalamu mbili na kichupa cha spiriti ya kusafishia mikono, maana hakusalimiana kwa mkono na mtu bila kujisafisha baadaye, kwa siri na kwa adabu.

"Shangazi yako amepiga mara mbili asubuhi," alisema wakiingia ukumbini. "Anataka kuwatangazia watu. Nimemwambia angoje saini."

Hadubini alijua kwa nini angoje. Kaka yake mkubwa aliitwa Daktari tangu siku alipoanza kusomea utabibu, na jina likamganda hata baada ya shahada yake kukataliwa na baraza la madaktari. Chuo alichosoma kilikuwa na lango la kupendeza na vijitabu vya picha zinazong'aa. Kilichokosekana ni kibali. Barua ya kumkataa ilifika mwezi mmoja baada ya Mwalimu kuwatangazia ndugu wote wa marehemu mumewe. Tangu hapo mtu akimwulizia, Mwalimu hujibu, "Daktari anapumzika kidogo." Huu ulikuwa mwaka wa saba Daktari anapumzika, huku akiuza vipuri vya baiskeli. Na neno "barua" halikutajwa tena katika nyumba ile.

Mratibu wa shahada alisimama mbele, mrefu, suti imemkaa. Alipopita kusalimia wageni, Mwalimu alimkazia macho.

"Wewe! Si wewe uliyekuwa ukikaa dawati la nyuma, darasa la nne, unakula chaki?"

Mratibu akaduwaa, kisha akacheka mpaka akainama. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Mdomo mweupe kama umepakwa unga, na bado unaniapia hujaigusa."

Watu wa karibu wakacheka. Hadubini hakucheka. Daftarini alikuwa ameandika maswali matatu: saa ngapi za vitendo kwa wiki, walimu wangapi wa kudumu, na waliomaliza wako wapi sasa. Ilikuwa taabu kumhoji mtu asiyemjua, sembuse mwanafunzi wa mama yake, mbele ya mama yake. Hata hivyo, nafasi ya maswali ilipofunguliwa, mkono wake ulijiinua wenyewe.

"Samahani. Vitendo ni saa ngapi kwa wiki?"

"Vya kutosha kabisa, dada yangu," Mratibu akajibu kwa tabasamu. "Maabara utaiona kwa macho yako."

"Yote mawili," Mwalimu akanong'ona.

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili. Meza zilikuwa nyeupe, hadubini ishirini zimefunikwa plastiki, na kwenye rafu ya kioo kulikuwa na chupa za viumbe waliohifadhiwa: chura, mijusi, nyoka wadogo, tegu aliyekunjwa kama utepe. Wageni wakapiga picha. Hadubini akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaivuta tena kabla hajajua kwa nini.

Hapakuwa na harufu.

Maabara inayotumika haifichiki. Harufu ya ile yake ya shuleni ilimganda kwenye nywele hadi kitandani. Akaisogelea rafu, akafumba jicho moja. Chura alikuwa amekunjamana kama kiatu cha zamani kilichotiwa maji. Ndani ya chupa, mbele yake, kilielea kikaratasi chenye jina la chura huyo, kimeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu. Herufi zilisomeka vizuri, wala hazikuwa na ukungu.

Mwaka wake wa kwanza kazini, hakuna aliyemwonya kuhusu wino, naye aliandika majina ya chupa arobaini kwa kalamu ya namna hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi karatasi zote zilikuwa nyeupe na spiriti imekuwa rangi ya anga. Mzee aliyesimamia maabara aliinua chupa moja kwenye mwanga, akamwambia, "Umewanyang'anya majina yao, binti." Tangu siku ile aliandika kwa penseli tu. Spiriti haiibi penseli.

Sasa wino huu ulikuwa umesimama imara. Wino wa namna hiyo hustahimili maji lakini si spiriti; basi haukuwa ndani ya spiriti.

Alimvuta mama yake kando ya dirisha.

"Mama, zile chupa zina maji."

"Usianze. Watu wanatutazama."

"Ni maji, Mama. Wale viumbe walishakauka zamani. Wamejaziwa maji juzi au jana, kwa ajili yetu."

"Hata wangejaziwa chai! Wewe unakuja kusoma, hukuja kukagua. Yule ni mtoto wangu, nimemfundisha kusoma na kuandika. Niende nikamwambie nini? Kwamba binti yangu, mwosha vioo, amegundua…" Akajizuia, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Hadubini akaona haya mpaka masikioni. Saa ya ukutani ilisema tisa na nusu. Angeweza kunyamaza, ndugu wote wangefurahi kwa miaka minne ya masomo.

"Mama," akasema, "naogopa barua."

Mwalimu alitazama nje, vidole vikikaza mkoba. Baadaye akaufungua, akampa kalamu ya bluu na kipande cha karatasi.

"Nionyeshe."

Hadubini akaandika neno moja, *chura*. Akachukua kichupa cha mama yake, akadondosha matone matatu juu ya neno. Wakasubiri, vichwa vimekaribiana. Neno likavimba, likatandaa, miguu ya herufi ikakimbilia pembeni, na punde pakabaki doa la bluu.

Mwalimu akakunja karatasi, akapangusa mikono, akamwendea Mratibu aliyekuwa akipigwa picha.

"Mwanangu, chupa zile zimetiwa nini?"

"Spiriti, Mwalimu. Ya kiwango cha juu."

"Nifungulie moja niinuse."

Mratibu akacheka. Mwalimu hakucheka. Kicheko cha Mratibu kikamfia mdomoni, akatazama huku na huku, akateremsha sauti. "Vifaa viko njiani, Mwalimu. Wanafunzi wakifika mwaka wa tatu watavikuta. Hali yenyewe unaijua."

"Naijua. Hivyo hivyo uliniapia kuhusu chaki."

Aligeuka, akanyoosha mkono kwa bintiye. Hadubini akatoa fomu daftarini. Mwalimu akaiweka mezani mbele ya Mratibu, bila saini, akainyoosha mkunjo kwa kiganja kama anayeaga nguo ya marehemu, na wakashuka ngazi bila kuongea.

Kwenye benchi la nje, hofu haikumwacha Hadubini. Ilibadilika sura tu. Kesho ni vioo vilevile, sinki lilelile. Je, ikiwa alikosea? Je, ikiwa chuo kingine hakitamwita kamwe?

Simu ikalia mkobani. Mwalimu akaitoa, akasoma jina kwenye kioo, wala hakuipokea. Ikalia, ikakatika, ikalia tena.

"Ni shangazi yako," akasema. Akakohoa kidogo, akanyoosha mgongo kama yuko mbele ya darasa, akapokea.

"Naam, wifi. Hapana, hatukusaini… Hapana, usimtangazie mtu." Akamsikiliza wifi yake akiuliza maswali kwa sauti iliyosikika hadi kwa Hadubini. "Sababu? Sababu ni ndefu. Uko wapi? Basi tafuta kiti ukae, wifi yangu. Itabidi nianzie kwa Daktari."