Flashi za Oswaldi na Maksai wa Pito

"Kwa hiyo maksai wa kaka yangu walijiua wenyewe," alisema Bertilla, akilitupa gunia tupu miguuni pa mumewe.

Oswaldi hakulitazama. Alisimama mbele ya rafu, mikono kaitandaza kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie shambani, na nyuma yake flashi arobaini na moja zimekodoa macho yao ya kioo. Wenzake wanazeeka na bao, wengine na pombe ya ulezi. Yeye, mpiga picha mstaafu wa Malangali, amezeeka na taa kuukuu za kamera, anazifuata Ufipa nzima kwa wajane na maparoko. Kuna moja aliapa kwamba ilipomulika harusini, majogoo wa mtaa waliwika saa nane mchana, na bibi harusi akaiona mifupa ya vidole vyake mwenyewe.

Balaa lilianza Jumanne. Alikwenda Pito kununua flashi kwa mjane mmoja, akapitia kwa Vitus, kaka yake Bertilla, kunywa togwa. Wingu lilikuwa limeshatanda, na wenyeji wamekifunika kioo kwa kanga, radi isipate pa kuchungulia. Oswaldi, kwa kiherehere cha mtoto mwenye kiatu kipya, akaitia flashi betri akaijaribu pale pale mlangoni. Ikamulika. Hajageuka, radi ikajibu. Maksai wawili wa Vitus wakalala zizini wasiamke, na msimu wa kulima ndio kwanza unaanza.

Tangu siku hiyo majirani, wakisema taa zake zinaita radi, waliipita nyumba yake kwa kuizunguka. Alieleza habari za betri mpaka mate yakamkauka, hakuna aliyemsikiliza. Sasa Bertilla amekata shauri: ama taa zitiwe guniani zikafukiwe, ama yeye arudi kwao Pito.

Oswaldi akainama. Akazitia moja moja, taratibu, kama anayelaza watoto, huku Bertilla akilishika gunia mdomo wala hamtazami.

Ikabaki ndogo iliyochubuka, ile iliyomulika harusi yao wenyewe, mkononi mwa mzee aliyemfundisha kazi. Oswaldi akaitia betri mpya. Ikaanza kulia kama mbu, kitaa chake chekundu kikaiva.

"Itazame, mama Faith. Hii inakujua."

Akabonyeza. Bertilla akajitupa nyuma ya kiti, kanga usoni, midomo inamtaja Bikira Maria.

Oswaldi akabaki na taa mkononi. Siku zote hizo alidhani mkewe anaona haya tu mbele ya watu. Miaka thelathini na minne wamekula sahani moja, na leo anamficha uso kama anavyoificha mvua kioo cha chumbani.

"Kumbe na wewe unaamini," alisema.

Bertilla akashusha kanga hadi puani. Akafungua mdomo.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Vitus akaingia, tope mpaka magotini, nira tupu begani, akaitua miguuni pa Oswaldi kama mtu aliyekuja kudai maksai wake.